Desibeli Themanini, Mita Mbili Kutoka Nyuma

Jumatatu, 9 Machi

Gari langu litapimwa kelele Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi. Hayo yametangazwa na mwenyekiti wa kamati ya wakazi, kwa karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa ngazi kwa gundi ya kudumu. Kiwango ni desibeli themanini, kipimo kikichukuliwa mita mbili kutoka nyuma ya gari. Likizidi, linaondolewa kwenye maegesho ya jengo siku hiyo hiyo. Hakuna rufaa. Karatasi inataja "magari yote yenye malalamiko". Nilimuuliza yako mangapi. Moja.

Mlalamikaji ni mkunga wa ghorofa ya kwanza. Yuko zamu ya usiku. Anarudi saa kumi na mbili na nusu, anaoga, anavuta pazia, na saa moja kamili yuko kitandani. Mimi nawasha gari saa moja na dakika tano. Dirisha lake liko juu ya nafasi namba nne, ambayo ni yangu. Kwa maoni yangu wote wawili tuna ratiba nzuri. Yeye ameandika barua ya kurasa tatu. Mtu ana nguvu za kuandika kurasa tatu, halafu eti hapati usingizi!

Niweke kumbukumbu sawa. Gari langu ni la spoti, milango miwili, mabomba mawili ya moshi nyuma, na eksozi yake ina vali. Magari ya watu wengine yana sauti moja tu, tangu kiwandani mpaka kwenye chuma chakavu. Langu lina mbili: ya chini kwa ajili ya majirani na ya juu kwa ajili ya wenye masikio. Miezi minane ya kwanza lilitumia ile ya chini kila asubuhi. Wiki tatu zilizopita likaanza kunguruma lenyewe, bila kuombwa. Nilidhani limenizoea.

Mke wangu kasoma tangazo, kavua miwani, katoa kauli. Gari hilo halilali barabarani. Mwaka huu mtaani wameng'oa vioo vya magari matatu, na yote matatu nimeyakadiria mimi mwenyewe kwa ajili ya bima, maana ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo likikosa nafasi namba nne, linakwenda kwa kaka yake, mwenye uwanja na geti, ambaye amelitamani tangu siku ya kwanza. Akamalizia kwa kusema, Baba Watoto, sitanii. Kweli huwa hatanii. Ni moja ya kasoro zake.

Kwa kifupi: Jumamosi nikishindwa, Shemeji anachukua gari. Shemeji! Mtu anayeshika usukani kama amebeba trei ya mayai!

Jumanne, 10 Machi

Nimepeleka gari kwa Fundi Sikio. Wanamwita hivyo kwa sababu hafungui boneti kabla ya kusikiliza. Alichuchumaa nyuma ya gari, akafumba macho, akaniambia nikanyage mafuta, niachie, nikanyage tena. Kisha akasema kilango cha kushoto hakifungi.

Nikamwambia najua. Sikujua kama kuna cha kushoto.

Akanieleza kama anavyomweleza mteja yeyote, jambo lililoniudhi. Ndani ya kila bomba, karibu na mwisho, kuna kilango cha chuma cha mviringo, kama mfuniko wa chupa ya jamu, kinachozunguka kwenye ekseli ndogo iliyopita katikati yake. Kikifungwa, moshi unalazimika kupita njia ndefu ndani ya sailensa, chumba hadi chumba, tundu hadi tundu, mpaka unatoka umechoka na hauna la kusema. Kikifunguka, moshi unapita moja kwa moja. Njia fupi, sauti kubwa, na injini inayokimbia inapumua vizuri zaidi. Ndiyo maana kompyuta ya gari huvifunga vilango hivyo kwenye mwendo mdogo, na kuviachia injini ikifika mizunguko elfu tatu na mia tano hivi kwa dakika.

Halafu akanishika bega, kitu ambacho nimesikia huwafanyia wateja wagumu tu. Akasema hapa unisikilize vizuri, bosi. Springi ndiyo inayofungua. Kinachofunga ni mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, unaopita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kilango. Mpira ukipasuka, mvuto haufiki, springi inashinda, kilango kinabaki wazi. Waliotengeneza walitaka hivyo: mambo yakiharibika, afadhali gari lipige kelele kuliko moshi ukose pa kutokea. Mpira wako wa kushoto umepasuka. Wa kulia mzima. Nakuwekea kipande kipya, hakizidi urefu wa penseli. Dakika ishirini na unaondoka.

Nikakataa. Mgogoro wenye karatasi mlangoni, barua ya kurasa tatu na kipima sauti hauwezi kuwa na dawa ya dakika ishirini. Isitoshe, nikikubali, gari litanyamaza kila asubuhi, na nitakuwa nimempelekea mkunga ushindi wake mpaka mlangoni. Ninachohitaji ni ukimya wa nusu saa, Jumamosi. Baada ya hapo kila mtu arudi kwenye maisha yake.

Nikamwambia nitafikiria. Akasema fikiria, bosi, fikiria sana, ila usiguse kitu. Nani, mimi? Nina miaka kumi na moja ya kukadiria magari yaliyogongwa. Eksozi naijua. Nimeiona imekunjwa kwa kila namna.

Jumatano, 11 Machi

Nimefikiria. Hoja nimeiandika kwenye karatasi ya ofisi, na haina kasoro:

Mpira wa kushoto ulipopasuka, kelele ikaanza. Kwa hiyo kelele inatoka kwenye mpira. Wa kulia bado haujapasuka, kwa hiyo bado una kelele yake ndani, inasubiri siku. Nikiukata sasa na kuuziba, namaliza tatizo kabla halijazaliwa. Sijui kwa nini Fundi Sikio hakuliona hili. Labda ni kwa sababu ya kufumba macho.

Saa ya chakula nikalipandisha gari kwenye ukingo wa maegesho ya ofisi, nikaingia chini na tai yangu. Gari la spoti liko chini sana. Mtu mnene asijaribu. Mimi si mnene, nilikwama tu kwa sababu ya mkanda. Mpira wa kulia nikaukata kwa mkasi wa ofisi na kuziba ncha zote kwa chingamu. Kazi safi. Dakika kumi na mbili. Fundi aliyetaka ishirini ajitafakari.

Nikawasha.

Sauti ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya asubuhi. Nadhani ni kuta za jengo la ofisi, zinarudisha mwangwi. Meneja akafungua dirisha la ghorofa ya tatu na kuuliza kwa adabu kama ni ndege au ni mimi. Nikamwambia ni mimi. Akasema angefurahi zaidi ingekuwa ndege, kwa sababu ndege hupita.

Nyumbani nimeingia kwa kuzima injini barabarani na kusukuma. Mlinzi alinisaidia kusukuma huku akiuliza kama gari limekufa. Nikamwambia hapana, linapumzika. Akasema basi ni la kwanza kupumzika kwenye jengo hili wiki hii.

Alhamisi, 12 Machi

Saa moja na dakika tano asubuhi. Nakumbuka muda kwa sababu sasa kila mtu anaukumbuka.

Nikawasha. Ving'ora vya magari mawili vikalia kwa pamoja. Bati la kivuli juu ya nafasi namba nne likatetemeka. Paka aliyekuwa juu ya ukuta aliondoka, na mpaka naandika hajarudi. Hazikuwa kuta za ofisi.

Mkunga alishuka na gauni la kulalia na viatu vya kazini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, jirani, usiku wa kuamkia leo nimepokea watoto wanne. Wote wanne kwa pamoja hawakupiga kelele kama yako. Na wao walikuwa na sababu. Kisha akauliza kama kwenye ukoo wetu kuna tatizo la masikio, kwa sababu anamfahamu daktari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumamosi ukweli utajulikana. Akasema hana wasiwasi, ana usingizi.

Nimerudi kwa Fundi Sikio. Hakuna aibu katika kurudi kwa fundi, mradi ueleze vizuri. Nikamwambia kuna mtu amenihujumu: mpira mzima umekatwa na kuzibwa na adui asiyejulikana. Fundi akaingia chini, akatoka na donge la chingamu kwenye ncha ya bisibisi. Akalinusa. Akauliza kama huyo adui yangu anapenda mnanaa.

Wakati huo nilikuwa natafuna. Nikameza.

Akanieleza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na simu yenye mtandao mbaya. Mpira haubebi kelele. Mpira unabeba mvuto. Ukiwepo mvuto, kilango kinafungwa. Ukikata, kinafunguka. Ulikuwa na kilango kimoja kibovu, sasa unavyo viwili. Nikamwambia huyo adui ni mjinga kweli. Akasema sana, bosi, nampa pole nikimwona.

Ndipo nilipoona kiboksi kwenye rafu. Vali ndogo ya umeme inayofungwa katikati ya ile mipira, pamoja na rimoti. Kitufe cha kijani kinafunga vilango kwa nguvu, hata ukanyage vipi. Chekundu kinafungua kwa nguvu. Cha katikati kinaiachia kompyuta ya gari ifanye kazi yake. Yaani mtu anachagua sauti yake kama anavyochagua shati!

Fundi akanishauri niache. Mipira mipya miwili inatosha, alisema. Jumamosi watapima gari likiwa limesimama, kisha kwenye mizunguko elfu tatu. Vilango vinafunguka elfu tatu na mia tano. Utapita kama mtu mwingine yeyote.

Kama mtu mwingine yeyote! Hilo ndilo ninalojaribu kumweleza. Nikamwambia aweke mipira mipya, na kiboksi pia.

Sasa rimoti iko mfukoni. Nimeijaribu njiani. Kijani: gari linapita kimya kama mgeni aliyechelewa kwenye msiba. Chekundu: watu wanageuka kituo kizima cha basi. Sijawahi kuwa na usemi wa namna hii popote, hasa nyumbani.

Ijumaa, 13 Machi

Mtu makini hategemei mpango mmoja. Rimoti itanyamazisha gari, lakini je, kipima sauti chenyewe kikiwa na chuki? Nimeamua kumsaidia mwenyekiti kupata umbali sahihi.

Mkadiriaji hatembei bila futi kamba. Kabla ya kwenda kazini nikapima kutoka kwenye bampa la nyuma, nikachora mstari wa chaki kwenye mita tatu, na juu yake nikaandika vizuri kabisa: MITA 2. Mlinzi alikuwa ameegemea geti na chai yake. Akauliza nampimia nani kaburi. Nikasema ni maandalizi ya kamati. Akasema basi marehemu ni mrefu.

Jioni mwenyekiti alinisubiri kwenye mstari. Ana futi kamba yake mwenyewe, ya chuma. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, taarifa ambayo ingenisaidia kama mtu angeniambia jana. Akapima. Akasema mita zangu ni za ukarimu sana, angependa kununulia kiwanja kwangu. Akafuta chaki kwa kiatu, akachora ya kwake.

Saa kumi na mbili akafika Shemeji. Eti alikuwa anapita. Anakaa upande wa pili wa mji, huwezi kupita hapa mpaka uwe unakuja hapa. Akaomba kukaa tu kwenye gari, shemeji, dakika moja tu. Akasogeza kiti mbele. Akarekebisha vioo vyote vitatu. Akafungua sehemu ya kuwekea vitu na kusema kuna nafasi ya kutosha. Ya kutosha nini, sikuuliza. Akaona rimoti mkononi mwangu na kuuliza ni ya nini. Nikasema ya mlango wa gereji. Akasema lakini shemeji huna gereji. Nikasema najiandaa.

Mke wangu akamkaribisha chakula. Wakaongea kuhusu upana wa geti lake. Mimi nilikula nikiwa nimeshika mfuko.

Jumamosi, 14 Machi, mchana

Naandika kwa utulivu. Ukweli kwa mpangilio wake ni huu.

Saa nne kamili walikuwepo: mwenyekiti na kipima sauti, katibu na daftari, mlinzi, mkunga aliyegoma kwenda kulala akiwa bado na sare za kazini, na Shemeji, aliyekuja na glavu za kuendeshea. Wakazi wengine walijaza vibaraza kama kuna mechi. Mke wangu alikuwa kwenye kibaraza chetu akianika shuka moja kwa muda mrefu sana.

Nikabonyeza kijani mfukoni. Nikawasha. Mwenyekiti akasimama kwenye mstari wake, akasoma: sitini na nne. Katibu akaandika. Mwenyekiti akaniambia nikanyage hadi elfu tatu na nishikilie. Nikashikilia. Akasoma: sabini na sita. Akakitikisa kifaa. Akasoma tena. Sabini na sita.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba gari limepita.

Limepita! Nafasi namba nne ni yangu! Shemeji akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Kwenye kibaraza mke wangu akanitazama, na nathubutu kuandika kwamba alitabasamu.

Mtu mwingine angezima gari akapanda ngazi kunywa chai. Lakini haki lazima itendeke kwa wote. Nikaomba pikapu ya mwenyekiti nayo ipimwe. Ya dizeli, ya zamani, inakohoa. Mwenyekiti akasema haina malalamiko. Nikasema nalalamika sasa hivi. Vibaraza vikapiga makofi. Ikapimwa: themanini na tatu. Katibu aliuliza aandike au asiandike. Nilimtamkia tarakimu moja moja.

Ndipo mkunga akaja. Akalizunguka gari polepole, mikono nyuma. Akaniomba radhi mbele ya watu wote. Akasema amekosea, lazima ile sauti ya asubuhi ni ya lori la mtaa wa pili, kwa sababu haka kagari hakawezi. Kagari katulivu. Kanapumua kama cherehani ya bibi yake. Kanafaa kwendea sokoni.

Nikasema mama, hili ni gari la spoti. Akasema ndiyo, baba, nimeona kastika.

Shemeji akacheka. Alikuwa amebakiza glavu moja. Akasema hata yeye siku zote amehisi kwamba uspoti wa gari hili uko kwenye rangi tu, hakutaka kuniumiza. Mtu wa ghorofa ya nne akapaza sauti: Cherehani! Kibaraza cha jirani yake kikaitikia. Mwisho hata mlinzi.

Mwanamke huyu kazi yake, kila usiku, ni kumfanya mtu asukume kwa wakati unaotakiwa.

Nikabonyeza chekundu. Nikakanyaga.

Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote ambazo gari hili limewahi kutoa. Vilango vyote viwili wazi, bati linaimba, vumbi la miaka linashuka juu ya pikapu ya mwenyekiti. Hakuna aliyesema cherehani. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama kwenye mstari, kipima sauti kikiwa hewani. Akakisoma mara moja tu, hakuhitaji kukitikisa. Tisini na saba.

Mkunga akatazama saa yake, akapiga miayo, akaniambia usiku mwema. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Jumamosi, 14 Machi, saa tisa alasiri

Nimekata rufaa ambayo haipo. Hoja yangu: kipimo rasmi kilikuwa kimekwisha, kilichofuata kilikuwa burudani. Mwenyekiti akanisomea tangazo kwa kidole: kinachohesabika ni kipimo cha juu kitakachosomwa siku hiyo. Siku, alisema, bado haijaisha, na kama nataka kukanyaga tena anaweza kunitafutia mia. Akaongeza kwamba rimoti inaonyesha nilijua nilichokuwa nafanya. Hilo limenifariji. Ni mtu wa kwanza kusema hivyo wiki hii.

Pikapu yake nayo ameiondoa, kwa sababu ya ile themanini na tatu. Ameiegesha barabarani mwenyewe, na kwa sauti ya juu amemwambia mke wake kwamba sheria ni sheria. Watu wa namna hiyo huwezi kushindana nao.

Mke wangu hakuhitaji hata kumpigia kaka yake simu. Alikuwa chini ya kibaraza. Amekwisha vaa glavu zote mbili.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji aliliondoa gari jana jioni, kama tangazo lilivyotaka. Leo asubuhi alipita nalo kwa Fundi Sikio na kuondoa kiboksi chote, akabakisha ile mipira mipya tu. Saa sita mchana alirudi nalo kumchukua mama yake, aliyekuja kwetu kusalimia, ndipo akaondoka moja kwa moja.

Likapita getini kimya. Mlinzi alifungua geti na kulifunga bila kukatiza mazungumzo yake. Dirisha la mkunga lilikuwa na pazia limevutwa, na pazia halikutikisika. Nikabaki getini. Likafika barabara kuu, Shemeji akakanyaga kujiunga na magari, na kwa mbali nikasikia vilango vikifunguka, mahali palepale Fundi aliposema, elfu tatu na mia tano hivi. Sekunde nne. Kisha likabadili gia na likanyamaza.

Sauti safi sana. Mlinzi akasema pole, mzee. Nikamwambia kuna vumbi.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, kumbe linaweza kunyamaza lenyewe. Nikamwambia ni mipira mipya, ile miwili. Akauliza kuibadilisha kunachukua muda gani. Nikamwambia kila mmoja dakika ishirini. Akauliza nilijua lini. Nikasema Jumanne.

Akapanda ngazi. Meza imeandaliwa kwa sahani moja.

Jumanne, 17 Machi

Mambo yamegeuka! Mama mkwe kaletwa leo na Shemeji, katika gari langu la zamani, akisifu viti. Daktari wa macho kamfanyia upasuaji jana na kumkataza kuendesha mpaka mwisho wa mwezi. Akanishika mkono, akasema mwanangu, sipendi kukuona unagombania mabasi asubuhi, gari langu limekaa tu, litumie, liangalie kama lako. Kanipa ufunguo. Kama langu. Ni maneno yake, na mke wangu alikuwepo.

Ni kagari kadogo keupe, injini ya lita moja, bomba moja jembamba kama filimbi. Unaweza kukawasha ukasahau kama umewasha. Kamati imeniruhusu kurudi nafasi namba nne kwa barua ya mistari miwili. Mkunga nimekutana naye kwenye ngazi, akanisalimu kwanza, akasema amelala siku mbili mfululizo na ngozi yake imebadilika. Mke wangu ameanza kuongea tena. Anasema unaona, Baba Watoto, yamekwisha vizuri, kila mtu ametulia.

Nami nimetulia. Nimepitia wiki nzima ukurasa kwa ukurasa, bila upendeleo, kama ninavyopitia ajali za watu. Kosa nimeliona. Lilikuwa rimoti. Rimoti inakaa mfukoni, karibu mno na mkono. Swichi inatakiwa iwe chini ya kiti, ambako mtu lazima ainame, na akiinama anapata muda wa kufikiri.

Jambo la pili, vilango viwili ni vingi. Bomba la Mama ni moja, kwa hiyo kilango kimoja, mpira mmoja, nusu ya matatizo.

Fundi Sikio amekataa. Amesema kagari hako kakiwekewa vali katatoa sauti ya mbuzi aliyefungiwa kwenye pipa, na kwamba yeye ana mama mkwe pia. Nilimshukuru kwa ushauri wake. Fundi wa ng'ambo ya barabara hakuuliza swali hata moja, jambo linaloonyesha uzoefu.

Mama anarudi kwa daktari tarehe 27, na mpaka hapo haoni vizuri. Gari naliacha kwa fundi kesho jioni. Anaanza kukata bomba Alhamisi, 19 Machi, saa tatu asubuhi.